Kitambaa Kilicholala Sandukuni

Hotuba kwa akina mama wa Wabera, mjini Isiolo, juu ya kununua kitambaa dukani na kushona nyumbani



Katika nyumba nyingi za mji huu mna sanduku, na ndani ya sanduku hilo mna vitambaa. Pana kipande cha kitenge kilichonunuliwa kwa ajili ya Idi iliyopita, nacho bado kimekunjwa kama alivyokikunja mwenye duka. Pana kitambaa cha sare ya shule kilichokatwa mwezi wa Januari, mikono yake ikapigwa bandi, kisha kazi ikasimama. Na mtoto aliyepimwa siku ile amekwisha kurefuka hata vipimo vile havimfai tena. Chini kabisa pana nguo laini ya dera ambayo panya wameanza kuitafuta. Mwenye sanduku si mvivu. Alikwenda dukani mwenyewe, akachagua, akalipa, na moyoni alikuwa na nia njema. Lakini fedha yake imelala, na fedha iliyolala katika nguo haizai.

Jambo hili ni zito zaidi katika Isiolo kuliko katika miji mingine. Hapa mali ya watu wengi ni mifugo, na fedha ya kitambaa mara nyingi hutoka katika mbuzi aliyeuzwa. Kati ya mwaka 2020 na 2023 mvua zilikosa kunyesha misimu mitano mfululizo katika nchi ya kaskazini, na ng'ombe na mbuzi wengi sana wakafa. Mwenye nyumba aliyebakiwa na mbuzi wachache huwahesabu kila jioni. Akimtoa mmoja kwa ajili ya nguo za watoto, yampasa kuziona nguo hizo zikivaliwa. Mbuzi akibaki zizini aweza kutoa maziwa, naye aweza kuzaa; kitambaa ndani ya sanduku hufifia tu kwenye mikunjo.

Watu wengine husema, ya nini taabu ya kushona, na mitumba ipo sokoni kwa bei rahisi? Kweli, mitumba ni rahisi, na hapana haja ya kuilaumu kwa mama anayetafuta shati la mtoto kwa shilingi chache. Iliingia kwa wingi nchini tangu miaka ya 1990, na viwanda vingi vya nguo vya Kenya vikashindwa kushindana nayo. Hata Nanyuki, mji usio mbali na hapa, ulikuwa na kiwanda chake kilichoitwa Mountex, nacho kilifungwa kama vingine. Walakini katika robota la mitumba hamtoki sare ya shule fulani yenye rangi yake, wala hamtoki dera lenye urefu wa kumfikia mama miguuni, wala hijabu ya msichana wa darasa la pili. Mambo hayo hayana budi kushonwa, ama na fundi ama na mwenyewe. Na fundi, mwezi wa Januari na siku za mwisho za Ramadhani, ana kazi nyingi hata hawezi kuinua kichwa.

Biashara ya kitambaa si jambo geni katika nchi hii. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilichukua marekani, ile nguo nyeupe ngumu iliyopata jina lake kwa kuwa ilifumwa Marekani na kuletwa Unguja kwa merikebu. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, ya mwaka 1861 hata 1865, ilipoikatiza biashara hiyo, nguo za Uingereza na za Bombay zikashika nafasi, lakini jina halikubadilika. Marekani ilikuwa fedha yenyewe. Ilipimwa kwa mkono, yaani toka kiwiko hata ncha ya kidole. Mikono minne ilikuwa shuka moja, shuka mbili zilikuwa doti, na kitambaa kizima kikaitwa jora. Bila shaka mkono wa mtu mfupi si mkono wa mtu mrefu, na magomvi mengi ya sokoni yalianzia hapo.

Magomvi hayo hayakwisha. Yamebadili sura tu. Siku hizi kitambaa kimoja huuzwa kwa mita na kingine kwa yadi, ambayo wazee huiita wari. Mita ni sentimita 100. Yadi haifiki sentimita 91 na nusu. Mtu akidhani anapewa mita 3, naye anapimiwa yadi 3, atapungukiwa na sentimita 25 na zaidi, yaani kiasi cha mikono miwili ya gauni la msichana. Kitenge kinachouzwa kwa kipande cha yadi 6 hakifiki mita 6. Kina mita 5 na nusu hivi. Hapo mwenye duka hakumwibia mtu yeyote, kwa kuwa alisema yadi. Mnunuzi ndiye aliyepaswa kuuliza kabla mkasi haujaingia.

Jambo la pili la kuuliza ni upana, na hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Akina mama huuliza, "Mita ni kiasi gani?" kisha hukimbilia kitambaa chenye bei ndogo. Kumbe vitambaa havilingani upana: kimoja kina sentimita 90, kingine 115, kingine 150. Chukua mfano wa gauni la msichana ambalo urefu wake toka begani hata chini ya goti ni sentimita 90. Ongeza 8 za upindo wa chini na 2 za mshono wa bega, jumla sentimita 100. Upande wa mbele na upande wa nyuma wahitaji kila mmoja upana wa sentimita 60. Katika kitambaa cha upana wa 150 pande hizo mbili hukaa bega kwa bega, na sentimita 30 zabaki kwa ajili ya kola na mifuko. Ukiongeza sentimita 25 za mikono, mita moja na robo yatosha. Katika kitambaa cha upana wa 90 pande mbili hazikai pamoja, kwa hiyo ni lazima zikatwe moja chini ya nyingine, na gauni lile lile litakula mita 2 na robo. Basi ikiwa kitambaa kipana kinauzwa shilingi 250 kwa mita, na chembamba shilingi 170, kile cha 250 kitagharimu shilingi 312 na nusu, na kile kilichoitwa rahisi kitagharimu shilingi 382 na nusu. Hesabu hii ifanywe nyumbani, kwa penseli na karatasi, wala si mbele ya meza ya duka huku wanunuzi wengine wanasukumana.

Kwa sababu hiyo mama mwenye busara huenda dukani na kijikaratasi. Ameandika kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mgongo, urefu wa mkono, na jina la mtoto, maana watoto wanne wana vipimo vinne. Vipimo vya kifua na nyonga hupimwa kwa futi ya fundi bila kukaza, kisha huongezwa sentimita kadha ili mwili upate kupumua. Nguo iliyokatwa sawasawa na mwili kama ngozi hupasuka siku ya kwanza mtoto anaporuka kamba.

Sasa yuko dukani. Kitambaa kimeshushwa, kimetandazwa, na rangi zake zinapendeza. Asikiamini kwa macho tu. Vitambaa vingine vya bei ndogo vimejazwa wanga ili vionekane vizito. Ukivisugua kwa nguvu kati ya viganja, unga mweupe huanguka, na ukiviinua kuelekea mwangaza huona jua kupitia katikati ya nyuzi. Nguo ya namna hiyo ikifuliwa mara mbili hulegea kama kitambaa cha kuchujia maziwa. Rangi nayo hujaribiwa kwa leso nyeupe iliyoloweshwa kidogo: sugua pembe ya kitambaa, nayo leso ikitoka na rangi nyingi, sare ya buluu itapaka mashati meupe yote yaliyomo katika karai.

Na mwenye duka akisema kwamba kitu hiki ni pamba tupu, pana njia ya kujua. Omba nyuzi chache kutoka ukingoni, uende nazo mbali na nguo nyingine, uziweke juu ya kisahani na kuziwasha. Pamba huwaka upesi, hunuka kama karatasi iliyoungua, na majivu yake ni laini. Tetroni na vitu vya namna yake huyeyuka, na vikipoa huacha tone gumu jeusi. Hariri ya kweli na sufu hunuka kama nywele zilizoungua. Si kwamba tetroni ni mbaya. Iliyochanganywa na pamba yafaa sana kwa sare, kwa kuwa haikunjamani upesi na hukauka kabla ya asubuhi. Lakini katika jua la Isiolo mwezi wa Februari, mtoto aliyevaa tetroni tupu darasani anajua mwenyewe anavyoona, na mnunuzi asilipe bei ya pamba kwa kitu ambacho si pamba.

Kitambaa kimefika nyumbani. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa haraka. Nguo ya pamba ikitiwa maji hurudi. Katika kila mita yaweza kurudi sentimita kadha. Aliyekata kwanza na kufua baadaye ataona gauni la kufika chini ya goti limepanda juu ya goti. Dawa yake ni ndogo: kiloweke kitambaa kizima, kianike kivulini, kipige pasi, ndipo ukikate. Maji ni ya thamani katika mji huu, hilo lajulikana, lakini ndoo moja yatosha, na maji yale yale yaweza kumwagiwa mche baadaye kama rangi haikutoka.

Kabla ya kukata, tazama nyuzi. Nyuzi za mtande hukimbia kwa urefu, sambamba na ukingo wa kiwandani. Za mshindio hupita kwa upana. Nguo hukatwa ili mtande uanguke wima kutoka begani kwenda chini. Mtu akikata mshazari ili kuokoa kipande kidogo, gauni litakaa vizuri siku moja, na baada ya kufuliwa mshono wa ubavuni utazunguka mpaka ufike tumboni, na hapana fundi awezaye kulirudisha. Angalia pia picha za kitenge. Kama ndege wote wanatazama juu, usikate upande mmoja ndege wakiwa wima na wa pili wakiwa kichwa chini. Na leso ina shida yake ya pekee, kwa kuwa ina pindo kila upande na maneno karibu na chini. Mama aliyeshona gauni la leso bila kufikiri aweza kukuta maneno aliyoyapenda sana yameishia mahali anapokalia.

Leso yenyewe, kwa habari ya kushona, ina historia ya kuwatia moyo walio na sindano moja tu. Husimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkononi vyenye michoro, vilivyouzwa katika mfululizo usiokatwa, na jina leso latoka katika lugha ya Kireno. Wakavikata vitatu vitatu na kuviunganisha kwa sindano mpaka sita vikawa vazi moja. Baadaye wafanya biashara wakaona, wakaagiza nguo zilizochapwa zikiwa nzima. Vazi linalovaliwa leo toka Lamu hata Moyale lilianza kama kazi ya mkono nyumbani. Hata sasa leso huuzwa mbili pamoja bila kutengwa, nazo hukatwa na kupindwa na mnunuzi. Na kuzipinda ni somo la kwanza lililo bora kwa msichana anayejifunza, kwa kuwa mstari ni mmoja, umenyoka, na kosa lake halionekani sana.

Somo la pili na liwe dera, ambalo Wasomali huliita dirac. Wanaoanza hutaka kuanza na blauzi yenye kola na vifungo, wakakwama, na huko ndiko sanduku linakojazwa. Dera halina kola. Kitambaa hukunjwa mara moja, mkunjo ukiwa mabegani. Upana wa kitambaa ndio upana wa vazi. Kama urefu toka begani hata chini ni sentimita 140, ongeza 4 za upindo, zidisha mara mbili, utapata 288: basi mita 3 zatosha. Hukatwa tundu la shingo, dogo kwanza, maana tundu dogo laweza kupanuliwa na kubwa haliwezi kupunguzwa. Hushonwa mbavu mbili, zikiachwa nafasi za mikono. Hupindwa chini na shingoni. Mwenye cherehani aweza kulimaliza alasiri moja. Mwenye sindano tupu atalimaliza kwa siku nne au tano, naye atalivaa.

Kuhusu cherehani maneno hayatakuwa mengi. Cherehani nyeusi ya kuzungusha kwa mkono, au ile ya kukanyaga, hudumu miaka mingi sana kama ikitunzwa. Adui wake hapa ni vumbi. Ifunikwe kila baada ya kazi, isafishwe kwa brashi chini ya meno, itiwe tone la mafuta ya cherehani (si ya kupikia, ambayo huganda na kuikaba), kisha ishone kwanza juu ya kitambaa kibovu ili mafuta yasichafue nguo nzuri. Sindano namba 75 yafaa nguo nyepesi, 90 nguo za kawaida, na 100 kaki na drili. Sindano iliyopinda au butu hurusha mishono, na mtu huilaumu mashine bure. Nyuzi zikifanya vitanzi upande wa chini, mara nyingi kosa liko juu: uzi wa juu haukupitishwa vyema, au umelegea.

Asiye na cherehani asikate tamaa. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa mwaka 1952, kushona ni miongoni mwa mambo yaliyofundishwa katika vikundi vyake, na wanawake wengi walishona kwa zamu juu ya mashine moja. Desturi hiyo haijafa. Wanawake kumi wanaochanga kila juma waweza kununua cherehani moja kwanza, kabla ya kuanza kugawana fedha kwa zamu, mradi wakubaliane mapema ni nani anayeitunza na ni nani analipa sindano ikivunjika. Vikundi vingi havivunjwi na fedha nyingi, huvunjwa na sindano.

Na sasa turudi kwenye sanduku. Mama aliyekwisha kulijaza asitoke leo akanunue kitambaa kipya, hata kama duka limeshusha bei. Avitoe vyote, avitandike kitandani, avipange katika mafungu: vilivyokatwa, visivyokatwa, na vile ambavyo mwenyewe amekwisha kuwa mdogo au mkubwa mno kwavyo. Vilivyokatwa ndivyo vya kwanza, tena kile kilichobakiwa na kazi ndogo kuliko vyote kitangulie, ili upatikane mwisho wa kitu kimoja upesi. Sare iliyokuwa ya mtoto mkubwa yaweza kukatwa upya kwa mdogo wake. Kisha nusu saa kila siku, mchana wa jua, kwa kuwa kushona nguo nyeusi ya buibui usiku kwa taa hafifu huumiza macho na mishono huenda upogo. Leo mbavu, kesho mikono, kesho kutwa upindo. Nguo ya pili isikatwe kabla ya ile ya kwanza kupigwa pasi na kuvaliwa nje ya mlango. Nusu saa ni muda mdogo sana, nao hupatikana baada ya vyombo vya mchana kuoshwa na kabla ya watoto kurudi. Lakini katika juma moja ni saa tatu na nusu, na saa tatu na nusu ni gauni.

Kwa wazazi wenye watoto wa shule, kitambaa cha sare na kinunuliwe mwezi wa Oktoba au Novemba, kabla ya fundi kuelemewa na kabla ya maduka kuishiwa na rangi zinazohitajiwa. Mtoto apimwe tena Desemba kabla ya kupinda, maana hurefuka katika likizo. Upindo wa chini uachwe wa sentimita 10, ushonwe kwa mkono, ili uweze kuteremshwa mwaka unaofuata. Mstari wa rangi iliyofifia utaonekana kidogo, na msichana asiaibishwe kwa huo. Mabaki ya kitambaa yasitupwe wala kutumiwa kupangusia taa. Yafuliwe pamoja na gauni kila mara, yaanikwe pamoja nalo juani, ili siku kiwiko kitakapotoboka kiraka kiwe na rangi ile ile.